Kabla ya Kuongeza Gesi, Fuata Maji

   

Leo tunazungumza habari ya friji. Usibadilishe stesheni kwa sababu huna friji. Jirani yako analo, na nina hakika samaki wako wamewahi kulala humo.

Nianze na swali. Umewahi kuvuta ile droo ya mboga, chini kabisa ya friji, ukakuta mchicha unaogelea? Au umefungua friza ukakuta barafu imejaa hadi nyama imenasa ukutani, haitoki? Au umeamka asubuhi, juu kumeganda vizuri, lakini maziwa uliyoyaweka chini yamechacha? Sasa swali la pili, na hili ulijibu kwa ukweli hukohuko uliko. Ulipomwita fundi, alikuambia nini? Wengi wetu tunaambiwa maneno mawili tu: gesi imeisha.

Msikilizaji, gesi ya friji haiishi. Narudia, maana najua kuna atakayebisha: gesi ya friji haiishi. Hii si gesi ya kupikia, ambayo unaiunguza kila siku mpaka mtungi unabaki mtupu. Gesi ya friji inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa pande zote. Inapita kwenye kompresa, inapita nyuma ya friji inakoachia joto, inarudi ndani kuchukua joto lingine. Ileile iliyotiwa kiwandani inaweza kuzunguka miaka kumi, kumi na tano, na zaidi. Ikipungua, maana yake bomba limetoboka mahali. Na fundi anayeongeza gesi bila kutafuta tundu lilipo, anakuuzia kitu ambacho baada ya muda kitakuwa kimekwenda zake hewani, pamoja na hela yako.

Lakini mara nyingi hata hilo tundu halipo. Friji halina ugonjwa wa gesi, lina ugonjwa wa maji. Ndiyo maana jioni hii nakuomba jambo moja tu: kabla ya kutafuta gesi, fuata maji. Tazama yako wapi, yameingiaje, na yalitakiwa yatoke kwa njia gani.

Haya, maji yanaingiaje kwenye friji? Hakuna aliyeyamwaga humo. Sisi wa Ujiji, Mwanga na Gungu tunaishi kando ya ziwa, na tangu mvua zinapoanza, mwishoni mwa Oktoba hivi, hadi zinapokatika mwezi wa Mei, hewa yetu ina unyevu. Nguo unazianika asubuhi, jioni bado mbichi. Chumvi mezani inashikana, na hii ni chumvi ya Uvinza hapo jirani, wala haijatoka mbali. Hewa ya namna hiyo imebeba maji mengi, ila macho hayayaoni. Weka chupa ya soda baridi mezani uitazame. Baada ya dakika chache inatoka jasho mpaka kitambaa cha meza kinalowa. Soda haijavuja. Ni ile hewa ya chumbani imegusa kitu cha baridi ikashindwa kushika maji yake, ikayaachia hapo.

Ndani ya friji mambo ni hayohayo. Kila ukifungua mlango, hewa ya baridi, ambayo ni nzito, inamwagikia miguuni pako, na hewa yenye joto na unyevu inaingia kuchukua nafasi yake. Ukifunga, ile hewa mpya inapoa na kuachia maji. Kwa friji la kawaida la nyumbani, katika siku za mvua, mlango ukiachwa wazi hadi hewa yote ikabadilika, maji yanayobaki ndani yanaweza kukaribia nusu ya kijiko cha chai. Utasema, nusu kijiko ni nini? Sawa. Lakini nyumba yenye watoto watano wanaotaka maji baridi, mlango unafunguliwa mara ngapi kutwa? Zidisha. Ikifika jioni umeshaliingizia friji lako kikombe kizima cha kahawa, kile cha barazani, na kesho kingine, na keshokutwa kingine.

Watengenezaji wa friji wanalijua hilo. Wameyawekea maji hayo njia ya kutokea. Na hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hii njia wengi hatuijui, na ndiyo inayoziba.

Fungua friji lako, lile la kawaida lenye friza dogo juu au ndani. Tazama ukuta wa nyuma, kule ndani. Utaona matone ya maji, au ukungu mwembamba wa barafu. Usishtuke. Huo ukuta ndio unaopoza. Kompresa ikifanya kazi, unaganda kidogo. Kompresa ikipumzika, barafu inayeyuka na kutiririka. Matone kwenye ukuta wa nyuma ni afya ya friji, wala si ugonjwa. Sasa fuata hayo matone yanaposhuka. Chini ya ukuta, juu kidogo ya droo ya mboga, kuna kijifereji, na katikati ya kijifereji kuna tundu dogo, pengine halizidi upana wa kidole. Maji yanaingia hapo, yanapita kwenye mrija mwembamba, yanatokea nje nyuma ya friji, na kudondokea kwenye kisahani kilichokaa juu ya kompresa. Kompresa ina joto. Joto hilo linayakausha maji, yanarudi hewani yalikotoka. Hakuna bomba la kwenda uani, hakuna ndoo ya kumwaga. Mwenye akili aliyeibuni njia hii namvulia kofia.

Sasa lile tundu likizibwa na punje ya wali, jani la matembele, gamba la samaki au kipande cha gazeti, maji yatakwenda wapi? Yatajaa kwenye kijifereji, yatafurika, yatashuka chini ya droo. Hapo ndipo mchicha wako unapoogelea. Yakizidi, yatatoka mlangoni hadi sakafuni, nawe utasema friji linavuja. Mtu wa kwanza utakayemwita atakuambia nini? Gesi. Gesi na maji ya kuogelea mchicha wapi na wapi?

Dawa yake haigharimu hata mia. Chomoa friji kwenye umeme. Toa droo. Chukua mrija wa soda au kijiti laini, pitisha taratibu kwenye lile tundu, usilazimishe. Kisha mimina maji ya uvuguvugu kidogokidogo, kwa sindano isiyo na ncha ikiwa unayo, au kwa kikombe chenye mdomo. Nenda nyuma ya friji usikilize. Ukisikia maji yanadondoka kwenye kisahani, kazi imekwisha. Na ukiwa huko nyuma, kitazame kisahani chenyewe. Kama hakijaoshwa tangu friji lifike, harufu unayoilaumu kwenye samaki inatokea hapo.

Tumemaliza maji ya chini. Twende kwenye barafu ya juu.

Barafu inayojaa kwenye friza ni maji yaleyale ya hewani, ila yamekosa nafasi ya kuyeyuka. Na barafu nene ni blanketi. Inalizuia friza lisipoze, kompresa inahangaika usiku kucha, LUKU inakwenda mbio, na chakula hakipati baridi ya kutosha. Watu wanashangaa, barafu imejaa hivi halafu nyama inalainika? Ndiyo. Kwa sababu barafu imejaa. Ikifika unene wa nusu sentimita, usingoje zaidi, iyeyushe.

Iyeyushe vipi? Chomoa umeme. Toa kila kitu, kifunike kwa kanga nzito au kiweke kwenye deli. Weka sufuria ya maji ya moto ndani ya friza juu ya kitambaa, acha mlango wazi, tandika magunia chini, kaa na subira. Kisu usikiguse. Ndugu msikilizaji, kisu usikiguse. Kwenye mafriji mengi ule ukuta wa friza unaoubandua barafu ni bati laini la alumini, na mabomba ya gesi yanapita humohumo ndani yake. Ukiuchoma tu, utasikia pssss, na siku hiyo fundi akikuambia gesi imeisha, atakuwa anasema kweli. Mafriji mengi yanauawa hivyo, jikoni, kwa mkono wa mtu mwenye haraka ya kupika.

Lakini kuyeyusha ni kufuta maji tu. Lazima ujiulize, mbona barafu inarudi baada ya siku chache? Fuata maji tena. Hewa inapenya wapi?

Mara nyingi inapenya kwenye mpira wa mlango. Chukua noti ya shilingi elfu moja. Iweke kati ya mlango na friji, funga mlango, halafu ivute. Ikikaza, mpira ni mzima hapo. Ikichomoka bila ubishi, hapo hewa inapita. Zunguka nayo pande zote nne, hasa pembeni upande wa bawaba na zile kona za chini. Usikimbilie kununua mpira mpya. Kwanza uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana mafuta ya mawese yakigandia mpirani, mlango unanata, halafu mpira unavutika na kuchanika. Mpira uliojikunja unaweza kunyooshwa kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto. Tazama pia friji limesimamaje. Miguu ya mbele ikiwa juu kidogo kuliko ya nyuma, mlango unajirudisha wenyewe ukiuachia. Ikiwa sakafu imeinamia mbele, mlango utabaki wazi kidogo usiku mzima na hakuna atakayejua.

Na hapa, akina mama, naomba radhi kabla ya kusema. Vile vitambaa vya kufuma. Najua vimefumwa kwa kazi, najua friji liko sebuleni na wageni wanaliona. Lakini kitambaa kinachoning'inia kutoka juu kikibanwa na mlango, tayari umeifungulia hewa njia. Tena mafriji mengi ya siku hizi hayana zile nondo nyeusi za nyuma. Mabomba ya kutoa joto yamefichwa kwenye mbavu za kushoto na kulia, ndiyo maana ukigusa ubavu unakuta joto. Hilo joto ni baridi yako inayotengenezwa. Ukilifunika shuka lote, au ukalibana friji kwenye kona limegusa kuta mbili, joto litarudi ndani. Liachie nafasi ya kiganja kizima nyuma na pembeni. Kitambaa kibaki juu tu, kidogo, na chombo cha maua ukipenda.

Kuna mama anayeuza barafu na maji baridi dirishani. Huyu namfahamu, yuko kila mtaa, kuanzia Mwanga mpaka Mwandiga. Mteja wa shilingi mia akija, friza linafunguliwa. Mteja mwingine, linafunguliwa. Mama, friza lako halitapona kwa namna hiyo hata ukilibadilisha kila mwaka. Asubuhi hamishia bidhaa za kuuza nusu siku kwenye deli, uza kutoka humo, friza ulifungue mara mbili tu. Na nyumbani, maji ya kunywa ya watoto yawekeni kwenye mtungi wa udongo. Kweli, siku za mvua mtungi haupozi sana, kwa sababu unapoza kwa kukausha maji yake nje na hewa imekwishajaa. Lakini bado maji yake ni matamu, na mlango wa friji unapumzika.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe, maana nacho kinaleta maji. Sufuria ya sombe iliyowekwa wazi, mchuzi wa migebuka usiofunikwa, tikiti lililokatwa: vyote vinatoa mvuke. Funika. Chakula cha moto kipoe kwanza, lakini kisikae nje zaidi ya saa mbili, la sivyo vijidudu vinakutangulia kula. Kigawe kwenye bakuli ndogo ndogo kipoe haraka. Mboga za majani zikung'ute maji, uzifunge kwenye kitambaa kikavu kabla ya kuziweka kwenye droo. Mboga iliyooshwa na kuwekwa ikichuruzika inaoza upesi zaidi.

Samaki je? Huku ndiko kwetu, lazima tuseme. Mtu anatoka kwa wavuvi wa Kibirizi alfajiri na ndoo ya migebuka, samaki wametoka kwenye maji ya ziwa yenye joto la digrii ishirini na kitu, bado wanachuruzika. Anawabwaga wote kwenye friza dogo, rundo moja, anafunga, anakwenda kazini. Jioni wa juu wameganda, wa katikati wamelainika tumbo na wanatoa harufu. Analaumu friji. Ndugu yangu, soma kile kibandiko kilichoko ndani au nyuma ya friji lako. Kinasema kilo ngapi za chakula kibichi friza linaweza kugandisha kwa saa 24. Mafriji mengi madogo ya nyumbani hayavuki kilo mbili mpaka tano. Ukilitwisha kilo kumi na tano, linakuwa ghala la joto. Safisha samaki, toa matumbo, wafute maji kwa kitambaa, wapange kwa tabaka moja likigusa ukuta wa friza, wakiganda ndipo uwarundike na kuongeza wengine. Wafunge vizuri pia, kwa sababu hewa ya friza ni kavu na inanyonya maji ya samaki polepole. Yale mabaka meupe makavu unayoyaona kwenye mgebuka uliokaa miezi ni maji yaliyotoka kwenye mwili wake yakaenda kugandia ukutani.

Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, miezi mitatu mizima, mwenye friza linalogandisha sawasawa alikuwa na akiba, na mwenye friza la barafu nene alikuwa na tatizo. Yeyote anayepanga kuweka samaki kwa muda mrefu, alikague friza wiki kadhaa kabla, si siku ya mwisho.

Na dagaa? Dagaa wetu waliokaushwa vizuri hawahitaji friji. Wanahitaji mahali pakavu penye hewa. Ukiwaweka kwenye baridi kisha ukawatoa na kufungua mfuko hapohapo, watatoka jasho kama ile soda, na baada ya siku mbili tatu wameota ukungu. Kama lazima wakae baridi, watoe wakiwa wamefungwa, waache mpaka wapate joto la chumba, ndipo ufungue. Mawese nayo usiyatie kwenye friji. Yataganda tu, na yatakuchukulia nafasi.

Tusogee kwenye baridi yenyewe. Ndani ya friji kuna kile kitufe cha kuzungusha chenye namba, moja hadi tano, au moja hadi saba. Nikuulize: namba kubwa ni baridi zaidi au ni joto zaidi? Wako wanaodhani zile namba ni digrii, wakaweka moja wapate baridi kali. Hapana. Namba kubwa, baridi kubwa. Si digrii. Unachokitaka ni digrii nne hivi kwenye friji, isivuke tano, na hasi kumi na nane kwenye friza. Utajuaje? Nunua kipimajoto kidogo cha friji, kitumbukize kwenye glasi ya maji katikati ya friji, kilale humo, usome asubuhi. Ndani ya maji, kwa sababu hewa hubadilika kila mlango ukifunguliwa na itakudanganya.

Halafu kuna kosa linalofanywa na waangalifu kabisa. Friji linaonekana halipozi, wanapandisha hadi saba, wanaliacha hapo mwaka mzima. Kompresa haipumziki tena. Isipopumzika, ule ukuta wa nyuma haupati nafasi ya kuyeyuka. Barafu inaota, tundu la maji linagandia, na vilivyo karibu na ukuta vinaganda huku vya mlangoni vina joto. Anza katikati. Septemba na Oktoba, joto linapopanda kabla ya mvua, ongeza kidogo. Badilisha namba moja, kisha ngoja siku nzima kabla ya kugusa tena.

Unaponunua friji, hasa la mtumba, tafuta kwenye kibandiko herufi zinazoonyesha limetengenezewa hali gani ya hewa. Herufi T peke yake inamaanisha linaweza kufanya kazi chumba kikiwa na joto hadi digrii 43. ST ni hadi 38. Lenye N au SN ni hadi 32 tu, na jikoni kwetu, penye jiko la mkaa na bati juu, mchana wa Oktoba unavuka hapo. Friji la namna hiyo si bovu, ila limeletwa mahali ambapo halikutarajiwa.

Nimesema habari za mafriji yanayogandisha ukutani. Yako yale makubwa yasiyoota barafu, yenye feni ndani. Haya barafu yake imefichwa nyuma ya ukuta wa plastiki, na kila baada ya saa kadhaa kuna kikanza kinachoiyeyusha. Kikanza kikifa, barafu inajaa kule nyuma, inaziba njia ya feni. Dalili yake ni ile niliyoanza nayo: juu kunaganda, chini maziwa yanachacha. Jaribio lake ni hili. Toa chakula, chomoa umeme, acha milango wazi siku nzima mpaka kila kitu kiyeyuke. Washa. Likifanya kazi vizuri kwa siku kadhaa au wiki, kisha tatizo lilelile likarudi, mwambie fundi akague mfumo wa kuyeyusha barafu. Mwambie hivyo kwa maneno hayo. Atakutazama mara mbili, lakini hatakutajia gesi.

Umeme nao una sehemu yake. Kwa miaka mingi mji wetu ulikuwa unategemea majenereta ya dizeli, baadaye tukaunganishwa na Gridi ya Taifa. Hata hivyo umeme bado unakatika, na wakati mwingine unarudi ukiwa na nguvu ndogo au kwa kishindo. Friji likisikika linalia tak, linanyamaza, baada ya dakika chache tak tena, kompresa inajaribu kuamka inashindwa. Lizime kabla halijaungua, kwa sababu huenda umeme ni mdogo. Weka kile kifaa cha kulinda friji, na kiwe na uwezo wa kuchelewesha umeme kwa dakika tatu hadi tano. Kompresa iliyozimika ghafla ina presha upande mmoja, inahitaji muda presha isawazike. Ukiiwasha papo hapo unailazimisha kusukuma mlima.

Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe. Friji lililofungwa linatunza chakula kwa muda wa saa nne hivi. Friza kubwa lililojaa linaweza kufika siku mbili, lililojaa nusu, siku moja, na kale ka friza kadogo kaliko ndani ya friji ni muda mfupi zaidi. Lakini ikiwa ulisafiri kwenda Kasulu ukarudi, utajuaje kama umeme ulikatika muda mrefu? Gandisha maji kwenye kikombe, yakishakuwa barafu weka sarafu juu yake, kikae humo friza siku zote. Ukirudi ukakuta sarafu iko juu, salama. Ukikuta imezama chini na barafu imeganda juu yake, ujue kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya. Samaki hao usiwapikie watoto.

Bado kuna siku ambayo fundi lazima aje. Kompresa inanguruma saa zote bila kupumzika, mlango unaziba vizuri, hakuna barafu nene, na bado hakuna baridi. Au barafu inaota kipande kimoja tu cha ukuta, kwingine pakavu. Au unaona doa la mafuta kwenye bomba. Hapo huenda kweli gesi imevuja. Muulize fundi maswali mawili. La kwanza: tundu liko wapi, nionyeshe. La pili: friji hili linatumia gesi gani? Jibu limeandikwa kwenye kompresa au kwenye kibandiko cha nyuma. Likiwa R134a, gesi hiyo haishiki moto kirahisi. Likiwa R600a, ni jamaa ya gesi ya kupikia, inawaka, na mafriji mengi mapya yanaitumia. Fundi akitaka kuchomelea bomba la R600a kwa moto ndani ya chumba kilichofungwa, gesi ikiwa haijatolewa kwanza, mkatazeni: toeni friji uani, fungueni madirisha, gesi yote itolewe, na jiko la mkaa la jirani lisogezwe mbali kabla hajawasha chochote.